Nimeshafika mama

Niko geto hapa Sakina, usiku umeenda na usingizi hauji, kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili naona bora nikiandike.

Mimi na mama tunaongea kwenye simu karibu kila siku, yeye Marangu mimi Arusha, na maongezi yetu ni yaleyale. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekula? Nimekula. Kazi inaendaje? Vizuri tu. Na goti je? Goti limepona kabisa, majani ya ng'ombe siku hizi ananiletea kijana wa jirani, mimi nimekaa tu. Basi tunaagana roho zimetulia.

Kazi iliisha mwezi wa sita. Mkataba haukuongezwa, tangu hapo naokoteza vibarua, na mama sijamwambia, nilijisemea presha yake iko juu nitamwambia nikishapata nyingine. Siku ya kwanza kumdanganya sauti ilinitetemeka. Sa hivi ile "vizuri tu" inatoka yenyewe huku nakoroga uji, na hicho ndo kinanitisha.

Jumapili nikaenda bila kumpa taarifa. Nimeshuka Marangu Mtoni napandisha kwa miguu, karibu na mfereji namwona mtu anashuka na mzigo wa majani kichwani, anashuka kiupandeupande, anatanguliza mguu mmoja halafu anauvuta wa pili, anasimama, anashika mgomba, anapumua. Nikasema moyoni maskini bibi wa watu. Alivyoinua uso ni mama.

Nikampokea mzigo, mzito jamani. Mama, goti si ulisema limepona? Akanijibu bado kashika ule mgomba: limepona, hii ni baridi tu. Na mimi nikanyamaza, maana ningembana kwenye goti angeniuliza mbona nimekonda hivi. Tukaenda nyumbani akapika mtori wa mshare, tukala, tukaongelea ng'ombe na misa na harusi ya jirani.

Kuna uongo wala haunisumbui. Konda anakwambia siti ipo unajikuta umesimama mpaka Boma Ng'ombe, rafiki anasema yupo Kwa Mrefu anakaribia kumbe hata kuoga hajaoga, unanuna kidogo yanaisha. Ila huu wetu unatoka kwenye mapenzi kabisa na bado unaniuma kuliko wowote, kwa sababu ningejua hali ya lile goti ningeshampeleka hospitali, ningemtafutia kweli huyo kijana wa majani, hata kwa hela ya kibarua. Na yeye angejua nimekaa miezi bila kazi najua angeniambia rudi nyumbani upumzike ndizi zipo. Sasa kila mtu anambebea mwenzie mzigo ambao mwenzie hata haujui.

Nilipanga nimwambie kabla sijaondoka. Akanifungashia ndizi kwenye kiroba, na maparachichi, akanisindikiza mpaka getini, zaidi ya hapo hakuweza akasema ana kazi jikoni. Sikumwambia.

Kosta imesimama Boma Ng'ombe, giza limeingia, simu inaita. Mama huwa halali mpaka ajue nimefika na usiku ule nilitaka alale mapema aupumzishe ule mguu. Umefika mwanangu? Nimeshafika mama, nipo ndani. Palepale konda akapiga bodi akaanza kuita Arusha Arusha Arusha, mbili tu tunaondoka.

Mama akakaa kimya kidogo.

"Haya mwanangu, kalale."