Siku moja maishani mwangu: kutoa toleo la majaribio la kompaila huria

Saa 1 asubuhi

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na watu kuwa lugha ya mashine, na leo tunaandaa toleo la majaribio la yetu. Kazi ya kwanza ni kufunga tawi, yaani mstari wa msimbo utakaotolewa. Kuanzia sasa hadi toleo kamili litoke, hakiingii kiraka (badiliko la msimbo) chochote isipokuwa kinachorekebisha kitu kilichofanya kazi katika toleo lililopita na sasa hakifanyi. Hitilafu kongwe, hata ikiudhi vipi, itasubiri. Nashikilia sana hapa, kwa sababu kiraka kilichojaribiwa juu ya msimbo wa jana hakijajaribiwa juu ya msimbo wa leo.

Halafu namba ya toleo. Tunafuata mtindo ambao GCC (kompaila huria ya mradi wa GNU) imeutumia tangu toleo la 5 la mwaka 2015: `.0.0` ni maendeleo, `.0.1` ni maandalizi ya kutoa, `.1.0` ndilo toleo kamili. GCC ina pia faili ndogo iitwayo DEV-PHASE. Ikiwa na neno `experimental`, kompaila hujengwa ikiwa na ukaguzi mwingi wa ndani. Ukaguzi huo hunasa makosa mapema, ila unaipunguzia kompaila kasi. Maelezo ya toleo lazima yaseme kama umewashwa au la, vinginevyo watu watapima kasi na kulalamikia kitu kisichokuwepo.

Saa 2

Kinachojaribiwa leo ni kifurushi (faili moja yenye msimbo wote, ambayo watu wataipakua), siyo hazina ya Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo). Git haitunzi saa ambayo faili ilibadilishwa, na `make` (programu inayoendesha ujenzi) huamua kazi zake kwa kulinganisha saa hizo. `configure` (hati inayokagua mashine kabla ya ujenzi) ikionekana kongwe kuliko `configure.ac` inayoizalisha, `make` itataka kuitengeneza upya kwa autoconf. Kwenye mashine zetu autoconf ipo, hivyo hakuna anayeshtuka. Kwa mjaribu asiye nayo, ujenzi unakwama. Akiwa nayo ya toleo jingine ni hatari zaidi, maana anapata `configure` tofauti na yetu na hitilafu tusizoweza kuziona huku.

Kwa hiyo saa za faili zinapangwa kabla ya kufunga (GCC ina `contrib/gcc_update --touch` kwa kazi hiyo), na faili zinazozalishwa na flex na bison (zana zinazoandika msimbo wa kusoma lugha) zinatiwa ndani zikiwa tayari. Kisha kifurushi kinafunguliwa kwenye mashine tupu isiyo na autoconf, automake, flex wala bison. Kikijengeka hapo, kitajengeka kwa wengi.

Saa 3

Ujenzi wenyewe hufanyika kwenye saraka ya pembeni, kamwe si ndani ya msimbo chanzo. Maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC ziwepo kabla. Idadi ya kazi za pamoja naikadiria kwa kumbukumbu kabla ya prosesa: gigabaiti 2 kwa kila kazi. Ukiandika `-j16` (kazi 16 kwa pamoja) kwenye mashine ya gigabaiti 8, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaweza kuiua `cc1plus` (programu ya ndani ya GCC inayotafsiri C++) katikati, na ni rahisi kudhani kwamba kompaila imeanguka yenyewe. Ukitilia shaka, soma rekodi (log) za kerneli kwanza.

Kompaila inajijenga mara tatu. Ya kwanza inajengwa na kompaila kongwe iliyopo kwenye mashine. Hiyo ya kwanza inaijenga ya pili, na ya pili inaijenga ya tatu. Kwa GCC, ya kwanza kwa kawaida hujengwa bila uboreshaji wa msimbo, ndiyo maana hatua ya pili huchukua muda mrefu kiasi cha kudhani mashine imeganda. Mwishoni, faili za mashine za hatua ya pili na ya tatu hulinganishwa. Zimetoka kwenye msimbo uleule, kwa hiyo zinapaswa kufanana baiti kwa baiti. GCC huongeza mtego mmoja mzuri: kwa kawaida hatua ya pili hujengwa bila taarifa za utatuzi (za kusaidia kutafuta hitilafu), ya tatu ikiwa nazo, kisha taarifa hizo huondolewa kabla ya kulinganisha. Hapo unajua kwamba `-g`, chaguo la kuongeza taarifa hizo, haibadilishi msimbo unaozalishwa.

Zisipofanana, toleo halitoki. Hakuna mjadala.

Utafutaji unaanza na swali moja: je, kompaila hiyohiyo, ikipewa faili hiyohiyo mara kadhaa, inatoa jibu lilelile? Ikiwa hapana, kuna kubahatisha ndani yake. Chanzo cha kawaida ni jedwali linalopitiwa kwa mpangilio wa anwani za kumbukumbu, na mfumo endeshi hubadilisha anwani hizo kila programu inapoanza. Dawa ni kupanga kwa namba ya kudumu ya kila kitu, siyo anwani yake. Chanzo kingine ni kigezo kilichosomwa kabla ya kupewa thamani, ambacho Valgrind (zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu) hukionyesha. Ikiwa jibu ni lilelile kila mara lakini hatua mbili zinatofautiana, basi huenda kompaila imejikosea yenyewe: hatua ya kwanza imezalisha msimbo mbovu wa hatua ya pili. Hapo nachukua faili moja iliyotofautiana, naitafsiri kwa kompaila zote mbili nikiweka `-fdump-tree-all -fdump-rtl-all` ili ziandike matokeo ya kila hatua ya ndani ya kutafsiri, na kutafuta mahali pa mwanzo ambapo matokeo hayo yanaachana. Hitilafu iko hapo au karibu na hapo.

Saa 6 mchana

`make -k check` huendesha majaribio yote ya kompaila. Herufi `-k` ni ya lazima ili jaribio moja likianguka mengine yaendelee. Usitarajie sifuri. Kompaila kubwa ina majaribio yanayojulikana kuwa huanguka, hivyo tunalinganisha orodha ya leo na ya toleo lililopita kwenye aina ileile ya prosesa. Jumla pekee hudanganya: moja likipona na jingine likianguka, jumla haibadiliki.

Saa 8

Sasa programu za watu wengine: SQLite, Python, kerneli ya Linux. Zinajengwa kwa `-O2` (kiwango cha kawaida cha uboreshaji wa msimbo) na majaribio yake yanaendeshwa. Kompaila mpya huweza kuzivunja. Kwa mfano, GCC 10 ya mwaka 2020 ilipofanya `-fno-common` kuwa hali ya kawaida, programu zilizotangaza kigezo ndani ya faili ya kichwa (inayotumiwa na faili nyingi kwa pamoja) bila `extern` zilikataa kuunganishwa. Hilo angalau linapiga kelele. GCC 14 ya 2024 ilipogeuza kuita funkisheni isiyotangazwa kuwa kosa, hati kongwe za `configure` zilianguka kimyakimya: kijaribio kidogo kikikosa kutafsirika kwa sababu hiyo, hati inahitimisha kwamba funkisheni haipo kwenye mfumo, na programu inajengwa ikiwa pungufu. Ndiyo sababu tunalinganisha `config.h` ya kompaila mpya na ya zamani, hata ujenzi ukipita salama.

Programu ikianza kutoa majibu mabaya, tunaijenga tena na `-fwrapv`, kisha na `-fno-strict-aliasing`, machaguo yanayoizuia kompaila kudhani kwamba programu inafuata kanuni fulani za lugha ya C. Ikipona, mara nyingi kosa ni la programu, na `-fsanitize=undefined` huweza kuonyesha mstari wenyewe. Isipopona, C-Vise inapunguza faili ya maelfu ya mistari hadi michache, na `git bisect` inakitaja kiraka kilichohusika.

Saa 11 jioni

Lebo inawekwa kwa `git tag -s`. Kifurushi kinatengenezwa kwa tar ikiwa na `--sort=name`, `--mtime` ya kudumu, `--owner=0 --group=0 --numeric-owner`, ili mtu mwingine akikirudia apate baiti zilezile. Kisha kinabanwa kwa xz, inahesabiwa SHA-512 (namba ya kuhakiki kwamba faili haijabadilika), na inawekwa saini ya GPG (inayoonyesha nani aliyekitoa) katika faili ya pembeni. Saini inathibitishwa kwenye mashine nyingine yenye ufunguo wa umma pekee.

Saa 1 usiku

Kifurushi kinapandishwa, na tangazo linasubiri hadi seva za nakala zikipate. Kikigundulika kina kasoro, hakibadilishwi chini ya jina lilelile. Kinatoka kingine chenye jina jipya, kwa sababu kuna watu tayari wameshika hesabu ya SHA-512 ya kile cha kwanza.

Tangazo linaomba vitu vitatu kwa kila ripoti: matokeo ya kompaila ikiendeshwa na `-v`, amri kamili iliyotumika, na faili ya `.i` inayotoka kwa `-save-temps` (msimbo wenye faili za vichwa zikiwa tayari zimeingizwa ndani). Bila hiyo `.i` tunategemea faili za vichwa za mashine tusiyoweza kuifikia. Tawi linabaki limefungwa hadi toleo kamili litoke, na atakayetaka kuingiza kiraka kabla ya hapo anaambatanisha jaribio linaloanguka bila kiraka hicho.