Kokwa Saba za Tende

Hukumu ya kesi ya wavuvi wa Lamu ilisomwa Malindi tarehe 30 Aprili 2018. Majaji 5 wa Mahakama Kuu waliamua kwamba ujenzi wa bandari mpya pale Kililana ulikiuka haki za wenyeji: haki ya mazingira safi, ya utamaduni wao, ya riziki yao na ya kupewa habari za mradi. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Wengi huikumbuka kesi ile kwa hesabu hiyo. Mimi huikumbuka kwa alasiri moja ya msimu wa kusi, miaka kadhaa kabla ya hukumu, barazani kwa mzee mmoja wa Matondoni.

Nilikuwa miongoni mwa vijana waliojitolea kuzunguka vijijini na kuandika maelezo ya wavuvi, ili mawakili wayatumie kutayarisha hati za kiapo. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2012, na Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuwa imetupa njia ambayo wazee wetu hawakuwa nayo: Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya wenzake, na Kifungu cha 70 hakimlazimishi anayetetea mazingira kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara. Fidia, hata hivyo, ni jambo jingine. Anayeidai huulizwa alikuwa na nini, wapi, na kimepotea vipi, na mvuvi wa mtumbwi hana hatimiliki ya maji.

Mzee alinikaribisha kwa kahawa na sahani ya tende. Nilimweleza kwamba mawakili walihitaji kujua machimbo yake, yaani mahali hasa alipokuwa akivua kabla ya mashine kuanza kuchimbua sakafu ya bahari. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimwelewa, kwa sababu nami nimezaliwa katika nyumba ya wavuvi: chimbo halitajwi ovyo. Baba humwonyesha mwanawe akiwa ndani ya chombo, kwa kulinganisha mnazi na kilima, au ncha ya kisiwa na pengo la mikoko, na mtoto huonywa asilitaje hata kwa mwana wa ami yake. Nami nilikuwa nimekuja kumwomba ayaweke mambo hayo katika karatasi ambayo ingesomwa na watu asiowajua, wakiwemo wale wale anaowashtaki. Niliona haya, na mpaka leo naamini haya ile ilikuwa na haki.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "hayo wakiyaandika, yatakuwa ya nani?"

Nilimjibu kwamba yasipoandikwa, upande wa pili utasema hapakuwa na kitu. Sikuwa na jibu bora zaidi.

Alikunywa kahawa yake, akala tende moja, kisha akaiweka kokwa juu ya mkeka. "Hapa ni Mkanda," alisema. Akala ya pili na kuiweka kokwa yake upande wa bara, na ya tatu karibu na kisiwa cha Manda. Kila kokwa ilikuwa na jina, kina chake kwa pima, samaki wake na bamvua lake. Alinieleza kwamba kusi ikivuma, chombo kidogo hakiwezi kuvuka mwamba kwenda bahari kuu, hivyo maji haya ya ndani ndiyo yanayomlisha mvuvi kwa miezi yote hiyo. Sasa tope lilikuwa limefunika nyasi za bahari na matumbawe, na samaki waliokuwa wakizalia huko hawaonekani tena. Wakili yeyote angehitaji kurasa nyingi kueleza jambo hilo, ilhali mzee alilimaliza kwa kidole chake kikizunguka kokwa tatu.

Nilichora mkeka mzima nyuma ya fomu na kuandika majina yale kama alivyoyatamka, kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Nilipomsomea, alinisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika "eneo la uvuvi." Alitaka pasomeke "chimbo la baba yangu." Nilifuta, nikaandika alivyotaka.

"Huoni tabu tena kuyataja?" nilimuuliza.

"Chimbo lililokwisha kufukiwa lina siri gani?"

Kidole gumba chake kilikuwa kimekakamaa kwa miaka ya kuvuta mishipi, mistari yake imesagika, hata ikatubidi kukibonyeza kwenye wino mara tatu kabla alama haijatoka. Nilipokuwa nikikunja karatasi, nilihesabu kokwa mkekani: saba, sawasawa na michoro yangu. Ndipo nilipoona kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumba kokwa ya nane. Aliona nimeiona.

"Hili halijafikwa na tope," alisema. "Hili ni la wajukuu."

Katika fomu niliacha saba.