Ulingo wa sentimita 60

Ukitaja tamasha Unguja, wengi huiona Ngome Kongwe. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kutolewa, na kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wasiingie. Kwa miaka mingi ndani ya kuta hizo ndimo walimokusanyika wapenzi wa filamu wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, na wale wa Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004. Mwandaaji anayetaka kila mtu wa mji aingie mahali pa namna hii, awe wa kiti cha magurudumu, kiziwi au asiyeona, basi atangulize futikamba.

Pima kila kizingiti kuanzia pale gari linaposhusha watu, kwa sababu vichochoro vingi vya Mji Mkongwe gari haliingii. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko wa kupandishia kiti, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 kinataka mita 1.8. Upana usipungue sentimita 90. Tumia plaiwudi ya milimita 18 juu ya mbao zilizopangwa kila sentimita 40, maana kiti cha magurudumu chenye mota na aliyekikalia huweza kupita kilo 150. Paka rangi ya mafuta na unyunyize mchanga mkavu kabla haijakauka, la sivyo mvua moja tu inaugeuza mteremko kuwa utelezi. Kisha chuchumaa uangalie ncha ya chini. Ikiachia hata sentimita 2 juu ya ardhi, magurudumu madogo ya mbele hukwama na mtu hurushwa mbele. Ichonge kwa randa mpaka ilale.

Mwenye kiti ameingia; sasa aone jukwaa. Macho ya aliyekaa kitini yako kama sentimita 120 kutoka chini, na wanaocheza mbele yake vichwa vyao vinafika 170. Ulingo wa kumwinua ukiwa wa sentimita 30 ni kumpandisha bure. Weka 60, ingawa utahitaji mteremko wa mita 7.2, na hapo ndipo wengi hukata kona wakajenga mfupi. Mteremko huo ukunje katikati, na kwenye kona uweke sakafu ya mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kigeuke. Tia vyuma vya kushika pande zote. Acha nafasi ya mwenzake kando yake, kwani hakuna anayekuja kwenye muziki akae peke yake.

Sakafu ya mbao iliyo wazi chini ina faida nyingine: kiziwi akisimama juu yake huisikia ngoma kwa nyayo. Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi, kwa maana mikono ikichoka maneno hudondoka. Wavae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yao, na wawe na taa yao wenyewe. Fundi taa aambiwe mapema asiizime jukwaa linapotiwa giza.

Wenye ualbino wanahitaji kivuli kwenye foleni ya mchana, na wasioona wanahitaji mtu wa kuwapokea getini anayejua kutoa kiwiko badala ya kuwavuta mkono. Bei ya mwenyeji iwe tofauti na ya mgeni, na iandikwe kwa shilingi.

Mwisho, choo. Mlango wa sentimita 90, ufunguke kwa nje, na ufunguo usikae mfukoni mwa mlinzi aliyekwenda kula.