Nilivyoiachia Tomcat kazi ya kulinda mlango

Kwa karibu mwezi mzima nilikuwa naandika filta yangu (msimbo unaopitiwa na kila ombi) ya kukagua nani kaingia na nani hajaingia, kwa kuwa kila niliyemuuliza alisema ulinzi wa kontena, yaani ule uliomo tayari ndani ya Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java, ni mambo ya kizamani. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Mfumo wenyewe ni wa chama cha kuweka na kukopa, humo mna akiba za watu. Siku nilipokuta ukurasa mmoja wa ripoti unafunguka bila kuulizwa nenosiri, niliifuta filta yote.

Kwenye web.xml, faili la mipangilio ya programu, niliweka security-constraint (kanuni ya ulinzi) ya /*, yaani kurasa zote, login-config ya FORM (kuingia kwa fomu), na fomu inayotuma j_username na j_password kwenda j_security_check, anwani ambako Tomcat hukagua nenosiri. Majina hayo hayabadilishwi hata herufi.

Kazi ikaanzia hapo. Fomu ilitokea nyeupe, haina rangi wala mpangilio. Naweka nenosiri sahihi, na badala ya akaunti naona maandishi matupu: body { margin: 0; na kuendelea. Nilikesha nikidhani nimeharibu server.xml, mipangilio ya Tomcat yenyewe. Kumbe /* ilifunga hata faili la mitindo (CSS)! Kivinjari kilipoliomba, Tomcat ilirudisha fomu na kulikumbuka kama kitu cha mwisho kuombwa, kwa hiyo nikishaingia inanipeleka hukohuko. Dawa ilikuwa security-constraint ya pili, ya /css/*, isiyo na auth-constraint (sehemu inayotaja nani anaruhusiwa) kabisa. Angalia sana hapo: auth-constraint ikikosekana, kila mtu anapita, ikiwepo lakini tupu, hapiti yeyote.

Mwingine akanishauri nitaje GET na POST, aina za maombi ya kivinjari, ndani ya http-method, ili kanuni ihusu hizo tu. Usithubutu. Ukizitaja hizo mbili, HEAD, ombi la vichwa vya jibu tu, inabaki wazi, na kwenye HttpServlet, darasa la Java linalojibu maombi, ombi la HEAD huendesha doGet ileile inayojibu GET. Nilijaribu kwa curl -I, amri inayotuma HEAD, nikapokea 200 (ombi limekubaliwa) bila kuingia. Nikazifuta zote mbili, ulinzi ukashika kila aina ya ombi.

Watumiaji wanatoka kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kupitia DataSourceRealm, sehemu ya Tomcat inayosoma watumiaji humo, na manenosiri yamefichwa kwa PBKDF2, njia ya kuyageuza yasisomeke.

Mhasibu alikuwa akifungua fomu asubuhi, anakwenda kunywa chai, akirudi anakutana na kosa 408 kwa kuwa kikao kimeisha. Nilimwekea landingPage kwenye context.xml, faili jingine la mipangilio, sasa badala ya kosa hilo anapelekwa kwenye ukurasa niliouchagua.