Nilivyopiga Hesabu ya Nozeli za 1JZ

Nozeli za kwanza, yaani vinyunyizio vya petroli vya injini, nilizofunga kwenye Toyota Mark II yangu zilikuwa za mililita 1,000 kwa dakika, kwa sababu niliambiwa kwamba turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, hutaka nozeli kubwa. Barabara kuu gari lilivuta vizuri, lakini kwenye foleni lilitetemeka na kunuka petroli mbichi, na plagi zikajaa masizi kabla mwezi haujaisha.

Hesabu huanzia kwenye nguvu unayoitaka. Injini yangu ya 1JZ-GTE, yenye lita 2.5 na silinda 6, ilitoka Toyota na nguvu farasi 280, nami nilitaka 400. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya turbo hula takriban gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi moja, kwa hiyo nilihitaji kilo 108 kwa saa, yaani kama lita 146, au mililita 2,430 kwa dakika. Zigawanye kwa nozeli 6, kila moja inabeba 405. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo pistoni zinapoungulia, kwa kuwa nozeli inayolazimika kukaa wazi muda wote haina tena akiba injini inapodai zaidi. Nikagawanya tena kwa 0.8, ili ifunguke asilimia 80 tu ya muda, nikapata 506. Nikanunua za 550.

Namba hizo za nozeli kwa kawaida hupimwa kwa presha ya petroli ya baa 3. Ukiipandisha hadi 4, mtiririko huongezeka kwa asilimia 15 hivi tu, kwa kuwa hufuata kipeuo cha pili cha presha, na wakati huohuo uwezo wa pampu hupungua.

Mtetemo wa kwenye foleni ulinisumbua zaidi, hadi nilipoelewa kwamba nozeli haifunguki papo hapo inapopata umeme: huchelewa kwa takriban milisekunde moja. Injini inapozunguka taratibu, nozeli kubwa mno huamriwa kufunguka kwa muda mfupi sana, kiasi kwamba sehemu kubwa ya amri yenyewe huliwa na ucheleweshaji huo, na kosa dogo la makadirio huharibu mchanganyiko wote wa hewa na petroli. Volti zikishuka, ucheleweshaji hurefuka. Ndiyo maana gari langu lilitetemeka zaidi nilipowasha taa na feni. Tangu hapo sinunui nozeli isiyo na jedwali la ucheleweshaji kwa kila volti, wala siifungi kabla ya kupima ukinzani wake wa umeme, kwa kuwa ya omu 2 au 3 ikifungwa mahali pa ya omu 12 bila rezista, yaani kipande cha kupunguza mkondo wa umeme, inaweza kuunguza kompyuta ya injini.

Sasa gari linatulia kwenye foleni ya Ubungo, na nikikanyaga mafuta hadi mwisho, nozeli zinakaa wazi asilimia 74 ya muda.