Jumamosi Niliyouficha Mgongo Wangu

Ilikuwa Julai ya mwaka 2018, baridi ya Mbeya imeshika kwelikweli na ukungu bado umeufunika mlima Loleza, nilipoingia kwa mara ya kwanza katika darasa la pilates, mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na mgongo, lililofanyika kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi mdogo wa Forest ya Zamani. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeinama kibandani kwangu Mwanjelwa tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa, na mwaka uliotangulia kiuno kilinikamata hata nikashindwa kuinuka kitandani kwa siku tatu bila kushikwa mkono.

Mlangoni mwalimu alikuwa na daftari. Alimuuliza kila mgeni kama ana maumivu, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, kama ni mjamzito, kama ana shinikizo la damu au mifupa iliyodhoofika. Nilijibu kwamba sina tatizo lolote. Niliogopa kurudishwa nyumbani, na niliona haya kumweleza binti wa rika la mwanangu wa kwanza kwamba mgongo wangu umechoka. Jibu lile ndilo ninalolijutia hadi leo.

Kwa sababu ya baridi, alituanzisha taratibu mno. Tulilala chali kwenye mikeka, magoti yamekunjwa, tukajifunza kuvuta hewa kwa pua hadi mbavu zitanuke pembeni kama mivukuto ya mhunzi, kisha kuitoa kwa mdomo huku tumbo la chini likivutwa ndani. Alitueleza kwamba mwanzilishi wa mazoezi haya, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, aliyaita Kontrolojia, yaani elimu ya kuutawala mwili, na kwamba asiyeitawala pumzi yake hajaanza. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika kwenye mazoezi yenyewe, wala sikutambua kwamba nilikuwa tayari ndani yake.

Likafuata zoezi la Mia. Kichwa na mabega huinuliwa, miguu hunyooshwa hewani, mikono hupigwapigwa juu na chini pembeni mwa mwili. Pumzi huvutwa kwa hesabu ya tano na kutolewa kwa hesabu ya tano, mara kumi, hadi mia itimie. Mwalimu alitangaza kwamba wageni waache nyayo sakafuni. Nilimtazama jirani yangu, ambaye miguu yake ilielea karibu kabisa na sakafu bila kutetereka, nikainyoosha yangu vilevile. Kwenye hesabu ya arobaini mgongo wangu ulikuwa umeachana na mkeka na tumbo limefura. Nikabana pumzi, nikaendelea. Kwenye sitini maumivu makali yalinichoma kiunoni yakashuka hadi paja la kushoto.

Mwalimu alipiga magoti kando yangu na kupitisha kiganja chini ya mgongo wangu.

“Mama, mkono wangu unapita hapa. Tumbo limeshindwa, kiuno ndicho kinachobeba miguu yote. Kunja magoti, shusha mguu mmoja kwanza.” Kisha akainamisha sauti: “Uliwahi kuumia hapa?”

Nikamweleza yote. Hakunikemea. Alikunja kitenge changu akakiweka chini ya kichwa changu, akanifafanulia kwamba misuli kuwaka moto kwa uchovu ni kazi inayofanyika, lakini maumivu ya kuchoma ghafla, hasa yanayoshuka mguuni, hayavumiliwi hata kwa hesabu moja zaidi. Muda uliosalia nilibaki nikipumua tu. Alinizuia kurudi darasani kabla ya kuonwa hospitali, na kabla sijaondoka akanionyesha namna ya kuinuka: kugeukia ubavu, kisha kujisukuma kwa mikono.

Ilichukua wiki saba za daktari na mtaalamu wa mazoezi tiba. Niliporudi, nililiomba daftari mwenyewe, nikaandika kila kitu, hata siku zile tatu za kitandani. Zoezi la Mia lilipofika, niliacha nyayo sakafuni na kichwa juu ya kitenge, na mwalimu akapitisha tena kiganja chake. Safari hii hakikupita. Miguu ya jirani yangu ilielea kama kawaida. Mimi nilihesabu pumzi zangu, tano na tano, nikafika mia bila kuibana hata moja.