Kizee cha nyota na Kelvini laki moja

Enzi nasoma masters Cape Town, prof alituachia mimi na jamaa mmoja wa Kisumu data za Hubble, ile darubini iliyoko angani, za pulsa J0437−4715 (pulsa ni mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa sana, yanajizungusha na kututumia mapigo ya redio), akasema tutafute joto la uso wake, akaenda zake. Jibu lilishachapishwa 2004, yani lilikuwa zoezi tu la kunoa mikono, ila ubishi wake si wa kitoto.

Hiyo pulsa iko miaka ya nuru kama 510, inajizungusha mara 173 kwa sekunde na umri wake ni mabilioni ya miaka. Shida haiko peke yake, inazungukana na nyota kibete nyeupe, yani kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa, kila siku 5.7, na kwenye mwanga wa kawaida kibete ndo kinang'aa, kumtafuta pulsa hapo ni kama kumsikiliza mtu ananong'ona kwenye vigodoro. Kwahiyo unahamia urujuanimno wa mbali, mwanga wa mawimbi mafupi ambao macho hayauoni, huko kibete chenye Kelvini 4,000 hivi kinakuwa kimezima. Na huo mwanga haufiki chini kwetu, ndo maana lazima Hubble, na hata huko juu kuna hewa nyepesi inayong'aa, grafu yetu ilikuwa na mnara wa haidrojeni pale nanomita 121.6 umemeza kila kitu. Tukaukata, na ule wa oksijeni pale 130 pia, kikabaki kimstari kinachopanda taratibu kuelekea mawimbi mafupi.

Jamaa akasema, "Buda, hii pekee haitoi joto." Kweli, maana hapo unapata joto likiwa limechanganyika na ukubwa wa nyota na umbali wake. Bahati nzuri umbali wa hii unajulikana vizuri mno kwa mapigo yake ya redio, nusu kipenyo tukaweka kilomita 13, tukasahihisha vumbi la njiani, ikaja kama Kelvini laki moja.

Sasa kwa hesabu za kawaida za kupoa, kizee kama hiki kilitakiwa kiwe chini ya elfu kumi zamani sana, nani anakipasha? Jamaa akadai ni chembe zinazorudi kugonga ncha za sumaku, nikamwambia wapi, hizo zinaacha vidoa vya moto tu vinavyotoa eksirei, uso mzima havipashi. Mi nilimshika Reisenegger wa Chile na hoja yake ya 1995, kwamba nyota ikipunguza kasi inajikamua, uwiano wa nyutroni, protoni na elektroni za ndani yake unatakiwa ubadilike ila unachelewa, na kule kuchelewa ndo kunatoa joto.

Prof kurudi akasikiliza wee, halafu akauliza, mbona pulsa nyingine, J2144−3933, yenye miaka kama milioni 300, Hubble imeiangalia na haikuiona, uso wake haufiki hata Kelvini 42,000? Nikajibu ile ni mvivu, mzunguko mmoja sekunde 8.5, haina cha kujipasha. "Sawa," akasema, "na ilizaliwa na kasi gani? Maana kama ilianza na kasi kubwa, nayo ilitakiwa iwe imejipasha." Jamaa akanigeukia na meno yote nje, na mimi namba ya kumpa prof sina.